Mashine Iliyooshwa

Kitambaa cha sofa kilikuwa cheupe kama maziwa, na hilo ndilo lililomtia Mama wasiwasi. Katika miaka yake yote ya kushona magauni, hakuna nguo iliyowahi kutoka mikononi mwake na doa. Wateja walimsifu kwa hilo hata walipomlaumu kwa kuchelewesha.

Lakini kazi ya magauni ilikuwa imekauka. Watu walinunua yaliyokwisha kushonwa, wakamletea yeye kupunguza viuno tu. Ndipo seremala wa mtaani, aliyechoshwa na fundi wake wa mjini, alipomwambia kuwa akipata mashine ya kushonea vitambaa vizito atampa sofa zake zote, kuanzia na hii nyeupe. Mama akatoa vyerehani vyake vyote vya miguu, akapewa badala yake mashine moja ya umeme iliyotoka kwenye kiwanda kilichofungwa. Wapagazi waliiingiza sebuleni wakihema, mmoja akauliza kama ndani yake mna maiti.

"Hii ikitushinda, hatuna nyingine," Mama alimwambia binti yake, akicheka.

Walipoilaza kichwa nyuma kwenye bawaba zake ili waisafishe, waliona chini yake sinia la chuma limejaa mafuta. Mama akaguna. Akasema wenye kiwanda walikuwa wachafu. Mashine imevuja siku zote hizo na hakuna aliyejali. Binti, aliyekuwa akiiwazia ile sofa nyeupe, akakubali. Wakayamwaga yote. Wakaosha sinia kwa sabuni, wakachomoa tambi kama za taa zilizolowa mafuta, wakafuta kila tundu kwa pamba hadi pamba ikatoka safi. Mama akapitisha kidole, akakitazama, akatabasamu.

Mshono wa kwanza ulinyooka vizuri mno. Sakafu ilitetemeka, kitambaa kizito kikapita kama karatasi, na Mama akakanyaga pedali huku ametoa macho kama mtu anayeendesha gari kwa mara ya kwanza. Upande wa pili, mlio ukaanza kuwa mzito. Akadhani ni unene wa kitambaa, akazidi kukanyaga. Ikaja harufu ya kuungua, kisha mkwaruzo mmoja mkavu, kisha kimya. Gurudumu halikuzunguka hata walipolishika wote wawili.

Seremala alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi. Akailaza mashine, akachungulia.

"Mafuta yake yako wapi, mama?"

"Niliyaosha."

Alianza kucheka, akidhani anataniwa. Alipomwona uso, akaacha. Akaeleza taratibu kwamba mashine hii huyanywa yale mafuta inapofanya kazi, na kwamba sasa vyuma vimeumana huko ndani. Wakatia mengine, wakangoja, wakajaribu. Haikusogea. Mwishowe akakunja kile kitambaa cheupe, akasema mwenye sofa hawezi kungoja, itabidi arudi kwa yule fundi wa mjini. Alisema pole mara nyingi, na kila pole ilitoka moyoni. Sofa nyingine hakuzitaja tena.

Binti akamshika Mama bega. "Tutaitengeneza, Mama. Itapona."

"Usinifanyie hivyo, mwanangu. Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia wateja nguo zao zikichelewa."

Akainama, akachomoa waya ukutani, akaanza kuukunja polepole mkononi, kama mtu anayemfungia mgeni mizigo yake.