Saini ya Mwalimu Munir

Kaka yangu Rateb alipigwa risasi Ijumaa ya pili ya mwezi wa sita, kama saa nane mchana, mbele ya duka la viatu mtaa wa nne kutoka nyumbani kwetu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, na wanawake wa mtaani walimpenda kwa sababu alikuja siku ileile aliyoitwa na alipiga deki kabla ya kuondoka.

Hakuwa mtu wa siasa. Alianza kwenda kwenye maandamano ya kuipinga serikali mwezi wa nne, baada ya mteja wake mmoja, mzee muuza mbegu za maboga, kurudishwa kwa familia yake kutoka korokoroni akiwa hana kucha hata moja. Baba hakutaka aende. Baba yetu, Mwalimu Munir, alifundisha Kiarabu miaka thelathini na minne katika shule ya wavulana hapo mjini kwetu Homs, na nusu ya wanaume wa mtaa walikuwa wamepita mikononi mwake. Miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akitamka jina la rais, kwa wema wala kwa ubaya, hata tukiwa wenyewe jikoni.

"Leo kaa nyumbani," alimwambia Rateb asubuhi ile. "Wameleta askari wapya. Si wa huku hawa."

"Baba, wanatuogopa Ijumaa kwa sababu hawajatuona Jumatano," Rateb alisema.

Nchi nzima husema kwamba Jumatano ndiyo siku watu wa Homs hupandwa na wazimu, na sisi wenyewe ndio tunaovisimulia zaidi vichekesho hivyo. Mama alicheka. Baba hakucheka.

"Kufa si mzaha."

"Na kuishi hivi je?"

Baba akaendelea kumenya kitunguu. Rateb akambusu utosini, akanivuta mtandio kama alivyozoea tangu nikiwa mdogo, akatoka.

Aliyetuletea habari ni Ghiyath, rafiki yake, aliyesoma naye tangu darasa la kwanza. Alikuja anakimbia, shati lake limelowa damu isiyo yake. Alisema Rateb alikuwa akigawa maji ya chupa kwa wazee, wakasikia milio, akageuka kumwinua mwanamume aliyeanguka, na risasi ikamwingia kisogoni. Walimburuta hadi kwenye ngazi za duka. Gari la jeshi likaja likawatawanya, askari wakashuka wakambeba.

"Nilimshika mguu, Mwalimu," Ghiyath alisema. "Nilimshika hadi kiatu kikanibaki mkononi."

Siku tatu tulizunguka tukiulizia maiti. Hospitalini walituambia hawana mtu wa jina hilo. Kituo cha polisi wakatuambia tumwombe Mungu, huenda amekimbilia Lebanoni. Siku ya nne Baba akaitwa ofisi ya usalama, nami nikaenda naye kwa kuwa hakuweza kuendesha gari.

Tuliyemkuta mezani alikuwa mwanamume wa makamo, Kapteni Mazin, amenyoa vizuri, ananukia manukato. Alisimama Baba alipoingia.

"Mwalimu, hunikumbuki? Darasa la nane. Uliniandikisha neno moja mara mia kwa sababu niliweka alama ya hamza juu ya herufi isiyo yake."

"Nakukumbuka," Baba alisema. "Ulikuwa unakaa karibu na dirisha."

Kapteni alifurahi kweli. Aliagiza chai, akaniita dada, akauliza hali ya mama. Kisha akasukuma karatasi mbele ya Baba. Ilisema kwamba yeye, Munir fulani, baba wa marehemu Rateb, anakiri kuwa mwanawe aliuawa na magenge yenye silaha, na kwamba anaishukuru serikali kwa kuwalinda raia.

Baba aliisoma polepole, kama alivyokuwa akisoma madaftari ya wanafunzi. Akaomba kalamu. Nilidhani anasaini. Akasahihisha makosa mawili ya lugha, akairudisha bila saini.

Kapteni alitabasamu. "Hujabadilika, Mwalimu."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kwenye baridi, hajaharibika. Ukisaini, na ukasema maneno haya mbele ya kamera, kesho unamchukua. Mnamzika mkiwa watano, bila msafara, bila makelele. Usiposaini, Ijumaa tunazika wote pamoja, na mahali hapo hata mimi siambiwi. Nakuheshimu, ndiyo maana nakueleza wazi."

Nyumbani tulikaa sebuleni sisi wanne, Ghiyath akiwa wa nne. Mimi ndiye niliyeanza. Nilisema Baba asisaini. Ghiyath naye akasema watu wa mtaa wangeona damu ya Rateb imeuzwa, na wale waliokufa naye siku ile, familia zao zingeambiwa tazameni, hata mwalimu amekubali.

Mama yangu, Samiha, alikuwa akitusikiliza. Alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha kama mtoto.

"Nataka mwanangu," alisema.

"Mama, Rateb asingekubali."

"Wewe nyamaza, Hanadi. Hujazaa. Nataka nimwoshe uso. Nataka nijue yuko wapi, nikimtaka niende." Akamgeukia Baba. "Baba Rateb, sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Niletee mwanangu."

Baba alienda kuvaa suti yake ya kijivu, ile aliyoagwa nayo shuleni alipostaafu.

Jioni hiyo alionekana kwenye televisheni. Alisoma maneno yale kwa Kiarabu chake safi, bila kukwama, akitazama mahali fulani juu ya kamera. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, maana watu wangejua. Alionekana kama mtu anayesoma tangazo la mitihani.

Rateb alirudishwa asubuhi kwenye gari la mboga. Tulimlaza sebuleni. Mama alimfuta uso kwa maji ya waridi, akampangusa masikioni, akamsemesha kwa sauti ndogo mambo ambayo sitayaandika. Alipompindua kidogo akaliona lile tundu la kisogoni, akamtazama Baba. Baba akatoka nje. Tulimzika saa nne asubuhi, tukiwa watano, na askari wawili wakisubiri kwenye lango la makaburi, mmoja akila mbegu za alizeti na kutema maganda.

Tulipika kahawa chungu ya matanga. Viti tulivipanga ishirini. Walikuja shangazi yangu na mumewe, na bibi mmoja jirani aliyekuwa haoni vizuri na hakuwa na televisheni. Ghiyath hakuja. Siku ya pili, kwenye ukuta wetu, mtu aliandika kwa rangi nyeusi: MUUZA DAMU. Baba aliusoma ule mwandiko akasema, "Namjua aliyeandika. Herufi zake zimelala upande wa kushoto tangu utotoni." Hakumtaja jina. Hakuruhusu tufute.

Aliacha kwenda msikitini. Muuza mkate alimhudumia bila kumwangalia. Na mimi, ambaye nilikuwa nikiishi naye, nilimfanyia vibaya kuliko wao. Siku ya saba nilikuwa natoa vyombo, yeye akaniomba chumvi, basi, chumvi tu, nami nikamwambia, "Kamwombe mwanafunzi wako Mazin."

Mama akasema, "Hanadi."

"Wacha aseme," Baba alisema.

Nikasema. Nilimwambia askari walimuua Rateb mara moja, yeye akamuua mara ya pili mbele ya nchi nzima. Nilimwambia kwamba kaka yangu alikufa akiinua mtu, na baba yake anajua kusahihisha makosa ya lugha tu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilijiona nina haki. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akala chakula chake bila chumvi.

Ijumaa iliyofuata alioga, akavaa suti ileile ya kijivu, akamwambia Mama anakwenda kuswali. Mama alifurahi kwamba angalau anatoka. Mimi nilikuwa chumbani, sikutoka kumuaga.

Yaliyotokea nilisimuliwa na wengi, na wote wanalingana. Watu walipotoka msikitini wakaanza kuimba, Baba alipasua katikati yao. Wengine walimsukuma, mmoja akamtemea mate kwenye bega. Akapanda kwenye ngazi za benki, na kwa kuwa nusu yao walikuwa wanafunzi wake, alipoinua mkono wakanyamaza kwa mazoea.

Alisema: "Mimi ni Munir, baba wa Rateb. Nilisema uongo kwenye televisheni. Nilisaini ili mama yake apate kumzika. Mwanangu aliuawa na askari, risasi iliingia kisogoni, alikuwa na chupa za maji. Niliyesema uongo ni mimi, si mama yake, si dada yake. Anayenirekodi anirekodi."

Simu nyingi zilikuwa juu. Alirudia yote mara ya pili, taratibu, kama imla, ili mwenye kuandika aandike.

Ghiyath ndiye aliyemteremsha na kumkumbatia. Walitembea naye katikati yao hadi kona ya duka la dawa, na hapo ndipo magari ya usalama yalipofika. Vijana walijaribu kumficha. Alikuwa na miaka sitini na tatu, goti lake moja bovu. Alimwambia Ghiyath, "Kimbia, mwanangu, mimi nitakuchelewesha." Walimwingiza kwenye gari jeupe. Miwani yake ilibaki barabarani, na aliyeiokota hakuwahi kuileta, au labda naye alichukuliwa.

Jioni mtaa mzima ulijaa kwetu. Viti ishirini havikutosha. Walileta wali, kuku, mikate kutoka kwa yule muuza mkate, ambaye alilia mlangoni na hakutaka kuingia. Mtu aliupaka chokaa ukuta wetu bila kuulizwa. Ghiyath alipiga magoti mbele ya Mama, naye akamwambia ainuke, akamtilia chakula. Sikuweza kukaa nao. Nilijifungia bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie.

Nilikwenda kwa Kapteni Mazin mara tatu. Mara ya kwanza alikataa kunipokea. Mara ya pili alisema hajui. Mara ya tatu alifunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, usije tena. Si mikononi mwangu. Mwambie mama yako asisubiri." Sikumwambia Mama.

Baadaye vita vilikuja, mtaa wetu ukabomolewa, tukahamia Tripoli ya Lebanoni, ng'ambo ya mpaka, chumba kimoja juu ya gereji. Mama aliniuliza kwa miaka swali lilelile, hasa akiwa anachambua dengu: "Baba yako, ni mimi niliyempeleka?" Nilimjibu hapana, Mama. Ilikuwa rahisi kumjibu, kwa sababu nilijua aliyempeleka. Sikuwahi kumwambia kwamba ni mimi, ingawa alikuwepo jikoni siku ile ya chumvi na alisikia kila neno. Naye hakuwahi kunikumbusha. Alifariki akiwa bado ananisitiri.

Serikali ilipoanguka na magereza yakafunguliwa, nilirudi. Nilisimama siku mbili kwenye uwanja wa gereza wenye matope, picha ya Baba kifuani, miongoni mwa maelfu wenye picha. Mzee mmoja aliyekuwa amefungwa miaka kumi na mitatu aliitazama sana. Alisema huenda alikuwa naye mwaka wa kwanza, kulikuwa na mwalimu mwenye goti bovu aliyewafundisha vijana mashairi gizani, lakini walimu walikuwa wengi, na magoti mabovu yalikuwa mengi. Nilimuuliza kama huyo mwalimu aliwahi kutaja binti yake. Alifikiri kwa muda mrefu, kwa huruma, nikaona anatafuta jibu zuri la kunipa.

Nikamwambia haidhuru, nikamshukuru, nikaenda kwa mtu wa pili.