Punje Mgongoni mwa Mpangaji

Kila nguo iliyotoka kwenye cherehani yake, yule fundi aliipitishia kiganja taratibu, mbele na nyuma, kutafuta pini iliyosahaulika. Pini moja ikimchoma mteja, jina limeharibika. Mkono ukazoea. Ukimkuta mtoto, unampapasa. Ukimkuta paka, unampapasa.

Paka alikuwa wa binti yake. Walimwita Mpangaji, maana anakula, analala, na kodi halipi. Alipopotea mara ya kwanza, binti aligoma kula. Aliporudi, fundi akampeleka kwa daktari wa wanyama akatiwa chipu kwa sindano, kitu kidogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi, katikati ya mabega. Akipotea tena, mwenye mashine ya kuisoma ataona namba, na namba itamrudisha nyumbani.

"Usishtuke ukiigusa," daktari alimwambia. "Haimsumbui."

Neno hilo fundi akalishika kama amana. Kila asubuhi kiganja kilipita mgongoni, kikakuta kitu kigumu, moyo ukatulia. Ipo. Hata kilipofika ukubwa wa haragwe, alisema ipo.

"Mama, punje imekua," binti alisema siku moja.

"Mchele wa wapi huo, mwanangu, unaoota bila shamba?"

Wakacheka. Kicheko hicho ndicho kinachomrudia hadi leo.

Kitu kikawa kama kokwa ya tende. Mpangaji akaacha kurukia meza ya kukatia vitambaa. Alikaa chini akiitazama, kama mtu anayetazama nyumba aliyofukuzwa. Hapo ndipo fundi alipombeba mbio kwa daktari.

Daktari akapitisha mashine juu ya uvimbe. Kimya. Akapitisha tena. Kimya. Akashuka nayo begani, polepole, mpaka juu ya mguu wa mbele. Ikalia.

"Chipu yako hii hapa, mama. Ilishahama." Kisha akaweka kidole kwenye uvimbe. "Sasa hiki ulichokuwa ukikigusa ni kitu kingine."

Fundi akakiondoa kiganja mgongoni mwa paka. "Si wewe uliyeniambia nisishtuke?"

Daktari aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Nilipaswa kukwambia pia, kikikua uje mbio."

"Kwa hiyo chipu ndiyo imemletea?"

"Siwezi kukuapia ndiyo, wala hapana. Uvimbe kama huu ni nadra; paka wengi wanazeeka na chipu zao salama. Pengine huota palipopita sindano, pengine huota tu. Ningekikuta kikiwa haragwe, ningekikata. Sasa kimeshika hadi ndani."

Mpangaji hakumaliza mwezi. Walimzika nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya kuanikia nguo.

"Na namba yake?" binti aliuliza.

"Amekwenda nayo."

"Basi akipotea huko, watamrudisha."

Fundi alisawazisha udongo kwa kiganja. Lakini neno lile lilimganda. Nyama huoza, manyoya huoza. Namba iko palepale udongoni, inangoja wa kuiuliza. Tangu hapo, cherehani ikinyamaza, kitu laini humpitia kwenye kifundo cha mguu. Akiinama, haoni ila vipande vya vitambaa.

Mteja akimtajia tu kwamba ana paka au mbwa, fundi huacha kupima kiuno, futi ya kamba ikining'inia mkononi. "Mpapase kila siku, dada yangu. Ila kitu kigumu kikikua, usiseme chipu ipo. Mpeleke siku hiyohiyo." Wengine humcheka, eti fundi siku hizi amekuwa daktari wa paka. Wacheke. Yeye pia alicheka.

Asubuhi moja binti alisimama mlangoni na sare yake ya shule. Kiganja kikampitia mgongoni, kikafika katikati ya mabega, kikasimama.

"Mama, unatafuta nini?"

"Pini."

"Lakini sare hii ni ya zamani, Mama."

Fundi alijua. Hapakuwa na pini wala uvimbe, ila mkono ulikataa kutoka.