Mawe ya Mwenye Nyumba

Samaki mgeni wa kwanza alikufa Jumanne, wa pili hakuifikia Ijumaa, na kila mtu pale nyumbani alimjua muuaji. Ila Dada Mkubwa alikataa katakata kumtaja.

"Alikuja na ugonjwa wake," alisema, akimwopoa marehemu wa pili kwa kichujio. "Siku hizi madukani wanauza wagonjwa."

Wifi yake, mwalimu wa hesabu aliyeolewa na mdogo wake na kuhamia pale mwanzoni mwa mwaka, aliinama akautazama mkia wa yule samaki. Ulikuwa umechanwachanwa kama ukurasa uliong'olewa daftarini.

"Ugonjwa gani huo wenye meno, wifi?"

Dada Mkubwa alimfunga marehemu gazetini. Ndani ya tangi la kioo, muuaji mwenyewe alikuwa akizunguka polepole kati ya mawe yake, hana habari. Alikuwa samaki wa buluu mwenye mkia wa njano, kidole gumba kilimzidi urefu, na jina lake lilikuwa Mwenye Nyumba. Alipewa jina hilo kwa mzaha zamani, alipofika akachagua tundu chini ya jiwe kubwa na kuanza kumfukuza kila aliyepita mlangoni. Mzaha ule sasa ulikuwa umetumbukia nyongo.

Tangi lilikuwa la mdogo wake, mpima ardhi, ambaye alilinunua kwa shauku kisha kazi ikamwita porini na likabaki mikononi mwa dada yake. Dada Mkubwa alikuwa amekuja kumwangalizia nyumba kwa muda tu. Huo muda tu uliota mizizi. Aliweka cherehani yake ya kushonea mapazia kando ya tangi, na kwa kuwa alizaliwa na udadisi wa kutosha watu watatu, alijifunza yote: kuchanganya maji na chumvi maalumu, kusikiliza pampu ikibadilisha sauti, kuwasha taa asubuhi ili matumbawe madogo mfano wa vifungo vya shati yafumbuke. Mwenye Nyumba alikuwa akila vidoleni mwake. Akimaliza kusafisha mawe, alilirudisha kila moja palepale lilipotoka, upande uleule, na alijisifu kwa hilo.

Jikoni mambo yalikuwa vivyo hivyo. Tangu zamani kopo la sukari lilikaa juu ya sinki. Mwalimu alipoingia alilihamishia karibu na jiko, maana ndiko chai inakopikwa. Kesho yake likarudi juu ya sinki. Keshokutwa likarudi karibu na jiko. Hakuna aliyewahi kufungua kinywa kulizungumzia, na mwishowe kopo lile lilikuwa limesafiri kuliko mpima ardhi mwenyewe.

Basi jioni ile ya Ijumaa, mpima ardhi akiwa amerudi kulala usiku mmoja kabla ya kuondoka tena, alisikiliza habari za msiba wa pili huku anakula.

"Nunueni mwingine mmoja, wa mwisho," alisema mdomo ukiwa umejaa. "Na huyu wa zamani akiwa bado hakai na wenzake, arudishwe dukani. Hatuwezi kuishi hivi kila siku."

Alikuwa anamsema samaki, akaendelea kutafuna. Lakini Dada Mkubwa aliliweka tonge chini. Arudishwe. Alijiona na cherehani yake mlangoni, akisubiri gari la mizigo. Aliogopa, na hofu yenyewe haikuwa ndogo: kwamba siku moja mdogo wake ataitamka sentensi ileile, kwa upole uleule, na haitakuwa ya samaki.

Jumamosi waliongozana mawifi wawili kwenda dukani, kila mmoja akiwa amebana midomo yake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye giza, kimepangwa matangi ukutani kutoka chini hadi juu, sakafu imelowa, pampu zinanguruma kwa pamoja. Mwenye duka alikuwa mama mnene aliyekunja mikono ya gauni hadi juu ya viwiko, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Dada Mkubwa alipoingia alisahau kununa. Macho yalimtoka. Kulikuwa na mmoja mwembamba kama utepe, mwingine aliyejizika mchangani akaacha macho tu, mwingine wa njano, bapa, aliyekuja hadi kwenye kioo na kumtazama usoni bila haya.

"Huyu!" alisema. "Nifungie huyu."

"Tangi lenu lina ukubwa gani?"

Dada Mkubwa alitanua mikono, akaipunguza kidogo kwa uaminifu.

"Huyu atakua awe sahani," mwenye duka alisema. "Hilo tangi kwake ni sufuria. Utamnyima raha bure."

Mwalimu alionyesha mmoja mwenye mistari ya zambarau aliyekuwa akipita huku na huku mbiombio.

"Mzuri, ila ana maneno. Mdogo hivyo hivyo, anaweza kuwafukuza wote wakajificha wasile."

"Na yule wa buluu pale?" Dada Mkubwa aliuliza. "Anafanana na wa kwetu. Watazoeana kama ndugu."

"Hapo ndipo mngewagombanisha kabisa. Samaki humwonea wivu anayefanana naye. Akimwona mwenye umbo lake na rangi yake, anajua huyu anataka tundu langu na chakula changu. Asiyefanana naye anaweza hata asimjali."

"Kwa hiyo wanajijua rangi zao?" Dada Mkubwa alisogea. "Na wanaona kama sisi? Na usiku je, wanalala macho wazi au wanajifanya?"

Mwenye duka alicheka. Alipenda wateja wa namna hiyo. Alijibu alichokijua, na asichokijua alisema sijui, nami nimejiuliza. Mwalimu, ambaye alizoea kuona wifi yake akijibu kwa neno mojamoja kama anayelipia maneno, alibaki ameduwaa. Kumbe mtu huyu akifurahi huongea hivi!

Kisha mwenye duka alivaa miwani na kuvuta kigoda, kama mshenga aliyefika kwenye jambo lenyewe.

"Sasa niambieni habari za mwenyeji. Ana tabia gani?"

"Mpole," Dada Mkubwa alijibu haraka.

Mwalimu alikohoa.

"Mpole kwa nani?" mwenye duka aliuliza.

"Kwangu. Anakula mkononi mwangu."

"Na kwa wageni?"

Pampu zilinguruma. Dada Mkubwa alipoanza kuongea alishindwa kujizuia.

"Hana ubaya. Yeye yuko kwake. Mtu amekaa mahali, amepazoea, anajua kila pembe kwa giza. Halafu ghafla anatokea mtu na mapezi yake mazuri, hajui hiki wala kile, anaanza kuhamishahamisha vitu!"

"Samaki wageni walikuwa wanahamisha vitu?" mwenye duka aliuliza, na aliuliza kwa dhati kabisa, maana hajawahi kusikia jambo kama hilo. "Vitu gani?"

Mwalimu aliangalia sakafu iliyolowa. Dada Mkubwa alipangusa kioo cha tangi kwa kidole.

"Nimetia chumvi kidogo," alisema.

"Haya. Mawe yenu yamepangwaje?"

Hapo Dada Mkubwa alipata uhai tena. Alieleza jiwe kubwa la kushoto na tundu lake, lile bapa lililoegemea nyuma, vile vidogo vya mbele. Akaeleza, kwa fahari, jinsi kila anaposafisha hulirudisha kila moja mahali pake hata asijue mtu kwamba yalitoka.

Mwenye duka alivua miwani.

"Basi ndiyo hiyo sababu, mama. Samaki wako ameshika ramani kichwani. Kila jiwe analijua, kila jiwe ni lake, na wewe kila mara unamhakikishia kwamba ni lake. Mgeni akiingia, popote atakapogusa amevamia. Leo toeni mawe yote, yapangeni upya kabisa, ndipo mumtie mgeni. Mwenyeji akianza kuzunguka atakuta hana mlango wa kulinda. Atakuwa na kazi ya kujifunza nyumba, kama mwenzake."

"Yaani nimvunjie nyumba yake?"

"Mawe ni yaleyale, hapotezi hata moja. Ni kwamba leo wote wanakuwa wageni."

Dada Mkubwa aliwageuzia mgongo, akatazama matangi. Mwenye duka alidhani hajaelewa, akataka kurudia, lakini mwalimu alimwonyesha kwa jicho kwamba asirudie.

Aliyechaguliwa alikuwa samaki wa kahawia asiye na makuu, kichwa butu, macho yamekaa juu kabisa. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, amejiegemeza kwa mapezi ya mbele kama mtu aliyeweka viwiko dirishani, anatazama wapita njia. Chakula chake ni ule ukungu wa kijani unaoota kwenye mawe, na wa buluu hula vinavyoelea majini. Hawatagombea sahani moja, mwenye duka alisema, na kwa sura hata kipofu hawezi kuwafananisha. Lakini asiongezwe mwingine, tangi halitoshi.

"Ana sura ya mkaguzi wa shule," mwalimu alisema.

Dada Mkubwa alimtazama samaki, akamtazama wifi yake, akaangua kicheko bila kupenda. Walicheka wote hadi mwenye duka akauliza kulikoni.

Nyumbani walitandika magazeti, wakajaza ndoo maji ya tangi, wakayatoa mawe moja moja na kuyatia humo ili vilivyo hai visikauke. Mwenye Nyumba alibaki juu ya mchanga mtupu, amebanwa kwenye kona. Kisha Dada Mkubwa alianza kupanga. Alishika jiwe kubwa, akaliweka, akaliegemeza.

"Wifi, umelirudisha palepale," mwalimu alisema.

"Sijalirudisha."

"Umelirudisha."

Akatazama. Ni kweli. Akalitoa, akazungusha mkono majini, na mkono wenyewe, kwa mazoea yake, ukalipeleka kushoto tena. Safari hii aliona mwenyewe kabla hajaambiwa. Alitoa mikono, ikachuruzika maji hadi kwenye viwiko.

"Hebu panga wewe," alisema. Ilikuwa kazi kulisema neno hilo.

Mwalimu hakupanga peke yake. Aliuliza matumbawe yanataka mwanga kutoka wapi, na Dada Mkubwa akamwambia. Aliuliza jiwe lipi linayumba. Wakapata tundu katikati, mengine mapya mawili nyuma, na dirisha dogo ambalo halikuwahi kuwepo. Mfuko wa mgeni ukaelea juu ya maji hadi joto likalingana, wakawa wanamwongezea kikombe kimoja cha maji ya tangi kisha kingine, taratibu. Wakazima taa, wakamwachia.

Mgeni alizama moja kwa moja kwenye dirisha. Mwenye Nyumba alitoka konani. Alikwenda kushoto, kasi, kama anayewahi nyumbani, na alipofika hapakuwa na kitu. Aligeuka, akarudi, akafika tena palepale, akasimama majini akipepea mapezi.

Moyo ulimuuma Dada Mkubwa. Alitaka kutia mkono na kumrudishia jiwe lake.

"Anatafuta," mwalimu alisema kwa sauti ya chini.

"Najua anachotafuta." Hakuondoa macho kwenye tangi. "Wifi, mkiamua nirudishwe, niambieni mapema. Nisiwe wa kushtukizwa. Nina mapazia ya watu."

Mwalimu alimgeukia, amekunja uso.

"Nani arudishwe?"

"Si alisema jana mezani."

"Alimsema samaki!" Mwalimu aliketi sakafuni, juu ya magazeti yaliyolowa. "Wifi, mimi ndiye ninayeogopa kurudishwa. Kila asubuhi nikilikuta lile kopo juu ya sinki, najua nimeambiwa. Nimeambiwa hapa si kwako, fungasha. Kuna siku nimelia hukohuko jikoni."

Dada Mkubwa hakuwahi kuwaza kwamba kopo linasema. Alidhani analiweka tu mahali pake. Akaketi naye juu ya magazeti.

Mbele yao Mwenye Nyumba alikuwa ameacha kwenda kushoto. Alipita nyuma ya jiwe bapa, akachungulia tundu la katikati, akaingia, akatoka, akaingia tena. Alipofika dirishani alikutana na mkaguzi, pua kwa pua. Mawifi walisogelea kioo. Wa buluu alisimama, akamtazama, kisha akapita, maana alikuwa na mengi ya kuona.

"Hajamgusa," Dada Mkubwa alisema.

"Leo," mwalimu alisema.

"Leo. Kesho tutaona ya kesho." Aliinuka akijipangusa mikono kwenye gauni, akatazama mlango wa jikoni kwa muda. "Na kule je? Tuna jioni nzima."

Walitoa vitu vyote kabatini. Sufuria zilikaa sakafuni, vikombe mezani, unga juu ya kiti. Walibishana, wakapanga, wakapangua, wakacheka kuhusu mfuniko usio na sufuria, na walipomaliza walikuwa wamechoka hata hawakukumbuka kunywa chai.

Asubuhi Dada Mkubwa aliwahi kuamka kama kawaida yake. Alipita kwanza kwenye tangi, akawakuta wote wawili wazima, mmoja dirishani, mmoja tunduni. Akabandika maji jikoni. Mkono ukapanda wenyewe juu ya sinki, ukashika sahani. Akajaribu karibu na jiko, akakuta maharage.

"Wifi!" aliita. "Sukari iko wapi?"

Mwalimu alikuja anapikicha macho, kanga imekaa upande. Alifungua kabati moja, akafungua la pili, akashika kiuno.

"Hata mimi sijui, wifi," alisema. "Tuitafute."