Pale Ninapokohoa

…na uzi umepita pembeni ya tundu tena, ncha imechanuka kama ufagio mkuukuu, niilambe, niisokote, nijaribu tena kabla fundi mkuu hajageuka, maana sindano ya kwanza nimeshaivunja na hii ndiyo asubuhi yangu ya kwanza kurudi kazini tangu nijifungue, nimeivunja kwa kosa la mtu aliyeanza kukalia cherehani jana, kosa la kuvuta kitambaa, mimi niliyeanza kushona kola za sare kabla sijaolewa, na fundi mkuu ameona, wala hakugomba, angegomba ningejua pa kujificha, ameniwekea tu sindano mpya kiganjani, "Mama Mzee, usivute, wewe elekeza tu, meno ya chini ndiyo yanayokipeleka kitambaa, ukivuta unaipinda sindano, inagonga chuma, pa, imekwisha," kama vile sijui, najua, mkono ndio uliosahau, mkono ulikuwa bado nyumbani umeshika mguu wa mtoto… Mama Mzee, ndilo jina langu hapa, kwa sababu mwanangu alizaliwa amekunja uso kama mwenyekiti wa kikao kilichochelewa, tukamwita Mzee na jina likaganda, Mzee mwenye meno mawili ya chini, Mzee anayekaa akiegemezwa mito na kuanguka taratibu kama gunia, halafu anashangaa, anamtazama aliye karibu kana kwamba ndiye aliyemsukuma… simu iko hapa kando ya boksi la vifungo, uso juu, kimya, mama mkwe alisema nisipopiga ujue ni salama, lakini mtu akiwa na mtoto mikononi na mtoto ameanza kukakamaa, atapiga kwa mkono upi, nani alifikiria hilo, hakuna aliyefikiria hilo…

"Dada, ngamia angeshapita kwenye tundu hilo," anasema Kasuku kutoka cherehani ya jirani, tumemwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haujawahi kulala, "angepita, akageuka, akarudi kutuaga, wewe na uzi wako mko palepale," na wote wanacheka, na mimi nacheka, sauti inatoka inavyotakiwa kutoka, ila moyo umerudi siku ile… siku ile homa ya Mzee ilipanda mchana, nilikuwa natafuta kitambaa cha kumkanda, nikageuka na macho yake hayakuwa yake tena, yamepanda juu, mwili umekuwa ubao, kisha ukaanza kutikisika, mwili mdogo vile, na mimi nikapiga yowe, sikuomba, hilo ndilo linaloniuma, miaka yote hii ya kuimba, ya kushika zamu ya kuwafundisha watoto Jumapili, na ilipofika saa yenyewe halikunitoka hata neno "Yesu", ilitoka "aaa" tupu, nikakimbilia barabarani bila viatu, na mtoto nimemwacha ndani, mama gani anamwacha mtoto ndani, mama mkwe ndiye aliyepiga magoti akamlaza ubavu… hospitali wakasema degedege, homa ilipanda ghafla, huwapata watoto wengi, huenda isirudi, huenda, neno dogo hilo, nimehamia humo na virago vyangu vyote, nalala humo, namwogesha mtoto humo…

…ncha imelainika, haya, polepole, shikilia pumzi… hapana, imepinda… Alhamisi kwenye kundi letu la uanafunzi mama mchungaji alituambia kila mmoja amkabidhi Bwana kitu kimoja alichokishika kwa nguvu, wiki hii, katika kazi zetu za kila siku, siyo kanisani, jikoni, alisema, dukani, kwenye karai la nguo, huko ndiko mtu anakokua, mmoja akasema atakabidhi ulimi wake, mwingine sukari kwenye chai, tukacheka mpaka tukafuta machozi, ikafika zamu yangu nikasema usingizi, usingizi, mimi ambaye nalala kwa jicho moja, mkono juu ya kifua chake nikihesabu kinavyopanda, nilisema usingizi na wote wakaitikia amina, na nilijua kitu chenyewe kiko mgongoni mwangu kimefungwa kwa khanga, kinapumua shingoni… lakini nitamkabidhije, ukisema chukua, si atachukua, hadithi ya Ibrahimu niliwafundisha watoto mimi mwenyewe, nilichora yule kondoo kichakani, wakampaka rangi ya kijani na zambarau, tukacheka, sikumwona mtoto juu ya kuni, kweli sikumwona, nilimwona kondoo tu, sasa nikifungua ukurasa ule naufunga…

"Umepita?" anauliza Kasuku. "Bado." "Nikusaidie?" "Bado, nitaweza," na hiyo ndiyo tabia yangu, nitaweza, hata asubuhi mlangoni, mama mkwe amenyoosha mikono ampokee na mimi bado naeleza, uji uko kwenye chupa, kipimajoto juu ya kabati, akipata joto mvue nguo kwanza, mama wa watu amelea wanne na mmoja wao ndiye mume wangu, yuko safarini na lori lake, na mimi namfundisha kushika mtoto, naye akasikiliza yote, akasema ndiyo, ndiyo mwanangu, halafu akasema kile nilichokuwa sitaki kukisikia, nimetembea nacho njia nzima kama kokoto kwenye kiatu, "Jioni nakusikia, ukifika pale unakohoa," nikasema pale wapi, mama, kana kwamba sijui, na sisi jioni tuko sauti mbili tu kwenye Sala ya Bwana, sebuleni, mtoto katikati, hakuna wa kunifunika, Ufalme wako uje nasema vizuri, halafu mstari unaofuata kifua kinaniwasha, nakohoa, nikimaliza yeye ameshafika kwenye riziki na mimi nadandia hapo… "Ni vumbi, mama," nikamwambia, "Vumbi, eeh," akasema, "vumbi la mstari mmoja," na macho yake hayakuwa na ubaya, "Na mimi nilikohoa, mwanangu, nilipomzika dada yake mumeo, nilikohoa mwaka mzima na zaidi, Mungu hakunikasirikia kwa ajili ya kikohozi, alinisubiri," na mimi nilikuwa nachelewa, nikasema haya mama, tutaongea… alisema alinisubiri, sikulisikia vizuri pale mlangoni, nalisikia sasa, kwenye kelele za cherehani, alinisubiri, na mikono yake, mbona sikuitazama mikono yake, ilikuwa inatetemeka, naye anaogopa, yule niliyedhani ni jiwe, aliinyoosha na ikabaki hewani muda wote nilipokuwa naeleza uji na kipimajoto, haikuvuta, angeweza kunipokonya, wakwe wengine wangenipokonya, yeye alisimama tu, mikono wazi, mpaka nilipolegeza kidole, kingine, kingine, na Mzee mwenyewe akamwegemea bibi yake, taratibu kama gunia, akamkunjia uso, naye akacheka…

…hakuvuta… basi kama bibi mwenye mikono inayotetemeka anajua kupokea mtoto bila kumpokonya, Wewe je… mimi nilikuwa nakuona kama mtu aliyesimama mlangoni anangoja niseme sawa ili aingie achukue, mwezi mzima nimeushikilia mlango kwa mgongo, nimechoka, Bwana, mgongo unaniuma… na sijaambiwa degedege haitarudi, hakuna aliyeniambia, mama mkwe mwenyewe amezika na jioni bado anausema mstari ule, sauti yake haipandi wala haishuki, nilidhani amezoea, kumbe anaupita kila jioni kama mtu anayevuka mto kwa miguu, akishika mawe… na siku ile, ile "aaa" yangu, labda ulielewa, Mzee naye hana maneno, akilia "aaa" mimi najua ni njaa au ni usingizi, sijawahi kumwambia panga sentensi kwanza…

…haya, ncha tena, nailamba, ina ladha ya pamba na vumbi, vumbi, eeh, mama, ningekuwa karibu nikuone ukicheka… Baba yetu, midomo tu, hakuna atakayesikia, Kasuku anasimulia habari za harusi, Jina lako, kola zimerundikana mbele yangu kama mikono midogo, Ufalme wako uje, hapa, kwenye kiti hiki chenye mguu mmoja mfupi, na kifua kinaanza kuwasha, nakijua, kinakuja… kiache kije… mapenzi, nasema, mapenzi yako… simu haijalia, hakuna kilichobadilika, anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa anakunja uso kwa kijiko, siko naye, siko naye na Wewe uko… yatimizwe, na machozi yameanguka kwenye kola ya mwanafunzi wa watu, itakauka, na sauti imekatika katikati ya neno lakini imelimaliza, imelimaliza…

"Dada!" anasema Kasuku, "umepita?" Nanyanyua uzi kwenye mwanga, sindano inanitazama kwa tundu lake. "Bado," namwambia, "njoo basi unisaidie."