Hina Ubavuni mwa Tui

Siku ya tisa baada ya mashindano ya farasi, viganja vyangu vilikuwa bado vyekundu. Nilikuwa nimevisugua kwa limau, kwa chumvi, kwa sabuni ya kufulia, mpaka ngozi ikaanza kuuma. Hina haikutoka. Naichanganya mwenyewe, na maharusi hupanda ngazi hadi chumba changu, juu ya duka la baba hapa Kariakoo, kwa sababu wanajua hina ya Anfal hukolea.

Chini, baba alikuwa akipanga majora ya vitambaa kama vile Jumanne ile ilikuwa Jumanne tu. Kaka yangu Hussam alikaa kwenye stuli karibu na mlango, shati limenyooshwa, karatasi mkononi. Saa nne alitakiwa Upanga, mbele ya kamati ya nidhamu ya klabu ya farasi. Mzee Mwinyimvua, aliyekuwa akimtunza farasi wetu, alitakiwa pia.

"Isome tena," baba alisema.

Hussam akasoma mbiombio. "Sikujua kuwa farasi ana majeraha. Hina alipaka mtunzaji, Mwinyimvua, bila ruhusa yangu."

"Basi. Inatosha."

"Baba, Mzee Mwinyimvua hajawahi kushika hina maisha yake yote," nikasema nikiwa ngazini.

Baba hakuinua kichwa. "Anfal, mwanangu. Ya ndani hayatoki nje. Mzee nitampa kazi ghalani, hatalala njaa. Lakini Hussam akiitwa mkatili, hilo jina litafutwa na nani?"

"Wakimfungia Mzee hatashika farasi tena popote. Hana kazi nyingine anayoijua."

"Umekuwa wakili lini?" Hussam akaniuliza. "Panda juu kachore maua yako."

Nikapanda juu. Nikavaa baibui, nikachukua mkoba, nikateremka kwa mlango wa nyuma.

Farasi wetu aliitwa Tui. Alikuwa jike mweupe, mweupe wa tui la kwanza, lile zito. Hussam alimpenda, sitasema uongo kwamba hakumpenda. Kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akienda kule nje ya jiji kwenye mabanda ya klabu na kumpelekea karoti alizozichagua mwenyewe sokoni, moja moja, huku wauza mboga wakimcheka: "Ndugu yangu, huyo farasi au mchumba?"

Mashindano yao ni ya siku tatu. Siku ya kwanza farasi huonyesha utulivu na utii. Siku ya pili hukimbia porini akiruka magogo na mitaro. Siku ya tatu huruka vizuizi vya miti uwanjani, lakini kwanza, asubuhi, daktari wa mifugo humkagua kila mmoja. Mwenye jeraha la mjeledi hatoki bandani, na aliyempanda hujibu.

Siku ya pili, Jumamosi, Tui alichoka. Kwenye mtaro wa karibu na mwisho alisimama, akatikisa kichwa, akakataa. Kanuni inaruhusu mjeledi mara mbili. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba. Nilihesabu mpaka saba, nikaacha kuhesabu. Msimamizi wa mtaro ule alikuwa amemkimbilia mpanda farasi mwingine aliyeanguka nyuma, hakuona. Tui akaruka. Wakamaliza wakiwa wa pili.

Alasiri Hussam akanivuta bandani. Ubavu wa Tui ulikuwa na michirizi iliyovimba, na mahali pawili ngozi ilikuwa imepasuka. Damu juu ya weupe ule ilionekana kama kitu kilichomwagwa kwenye shuka.

"Kesho daktari akiona hii, nimekwisha," Hussam akasema. "Tuko wa pili, Anfal. Wa pili!"

"Mwambie daktari ukweli."

"Mpake hina."

"Una wazimu?"

"Si bibi alikuwa akihadithia kwamba zamani kule kwao farasi walipambwa kwa hina siku ya harusi? Basi mpambe. Nani atauliza? Watapiga picha tu. Dada yangu, nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu."

Alikuwa ameniomba vitu vingi. Lakini hakuwahi kulia.

Nami nikajipa sababu. Tulipoungua jikoni utotoni, bibi alitupaka hina kwenye kidonda. Hina ni dawa, inapoza, nikajiambia. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya, kwa maneno ya bibi yangu.

Hina ya bi harusi wa jioni ile ilikuwa mkobani. Sikutumia koni ya kuchorea. Nilichota kwa viganja, nikampaka ubavu mzima pale penye michirizi, kisha kuzunguka kando nikachora kwa kidole korosho na majani, nikafanya vilevile upande wa pili ili ionekane ni pambo. Nilipogusa mahali palipopasuka, ngozi yake yote ilicheza, kama anayefukuza nzi. Lakini alisimama. Maharusi wangu hawasimami hivyo. Aligeuza shingo akaniwekea pua begani, nami nikaendelea kupaka.

Mzee Mwinyimvua alikuja na ndoo ya maji ya kumwogeshea.

"Hii nini tena, mwanangu?"

"Mila yetu, Mzee. Ya kumtakia heri."

Alizitazama zile korosho. "Haya," akasema. "Kila watu na yao." Akaitua ndoo chini.

Asubuhi daktari alicheka. "Huyu leo anaolewa!" Akampiga picha, akamtazama akitembea, akampitisha. Kwenye kizuizi cha tano miguu ya Tui haikunyanyuka. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijamwona ameanguka. Wakamzungushia turubai. Mzee Mwinyimvua alipiga magoti akakishika kile kichwa mapajani, akiimba kitu cha kwao Lindi kwa sauti ya chini, mpaka sindano ikafanya kazi yake. Daktari alipompapasa ubavuni ndipo akakuta, chini ya korosho zangu, manyoya yamegandana na damu.

Jumanne ile, nilipotoka kwa mlango wa nyuma, nilimkuta Mzee Mnazi Mmoja, akikatiza uwanja kuelekea Upanga. Alikuwa ametoka Buguruni kwa miguu, viatu vyake vina vumbi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umenifuata?"

"Wamekuandika kwamba ni wewe."

"Najua. Baba yako alinipigia simu jana. Akanieleza vizuri tu, kwa heshima." Akatembea hatua kadhaa. "Mimi kinachoniuma si hicho. Ile ndoo. Ningemwogesha siku ile, ningeona. Nilikuwa nayo mkononi."

"Nilikwambia ni mila."

"Ulisema hivyo, ndiyo."

Akaendelea kutembea. Afadhali angenitukana.

Kamati ilikaa ghorofa ya pili, watu watatu nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja anayeitwa Bi Severa, mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hussam aliponiona nimesimama mlangoni, akanyanyuka nusu kutoka kitini. Baba alikuwa pembeni yake.

Bi Severa alisoma maelezo ya Hussam kwa sauti, kisha akamgeukia Mzee. "Mzee wangu, hii hina uliipaka wewe?"

Mzee Mwinyimvua alitazama sakafu. Nikaelewa. Alikuwa anajiandaa kukubali. Alikuwa amekula kwa baba miaka kumi na minne, na aliona hilo ndilo analodaiwa.

"Hata duara hajui kuchora," nikasema.

"Na wewe ni nani?"

"Anfal, binti Nasor. Dada yake Hussam."

"Anfal, toka nje," baba akasema kwa upole, na upole ule ulinikata kuliko kofi.

Nilikwenda mpaka mezani nikaiweka mikono yangu juu ya picha ya Tui aliyoipiga daktari, viganja vikitazama juu. Wekundu wa picha na wekundu wa ngozi yangu ulikuwa mmoja.

"Nilipaka mimi. Niliona damu kwanza, ndipo nikapaka. Hussam alimchapa zaidi ya mara saba na akaniomba nifiche. Mzee nilimdanganya."

Hussam hakubisha. Alijifunika uso, akasema, "Nilijua angeweza kuruka," kisha akarudia, kama vile Tui alikuwa bado anasikia.

Walitutoa nje, wakatuita tena. Hussam alifungiwa miaka miwili, matokeo yake yakafutwa. Mzee Mwinyimvua hakukutwa na kosa.

"Na mimi?" nikauliza.

Bi Severa alivua miwani. "Wewe si mwanachama. Si mpanda farasi, si mtunzaji. Kanuni zetu hazina mahali pa kukuweka, binti yangu. Nenda nyumbani."

Ngazini baba alinipita bila kunigusa. Hussam alisimama hatua moja chini yangu. "Umeridhika sasa?" Mzee alikuwa wa mwisho kushuka. Nilimwomba arudi, nikamwambia baba atakubali, atanunua farasi mwingine.

"Nitakwenda Lindi kwanza," akasema. "Mikono imechoka, mwanangu."

Nilipofika nyumbani, bi harusi wa alasiri alikuwa ameshafika na shangazi yake. Anaitwa Nunu, ana miaka ishirini na mbili, anacheka kila neno. Alinishika mikono kabla sijavua baibui, akaigeuza.

"Shangazi, tazama ilivyokolea! Dada Anfal, nataka hii hii."

Nikakaa mbele yake, nikauchukua mguu wake nikauweka kwenye mto. Nilipomgusa kwa hina ya kwanza, ngozi yake ilishtuka.

"Uwii, baridi!" akasema, akicheka, kisha akatulia, akasimamisha mguu vizuri kabisa, akiniamini.

Nikaweka koni chini. Nikamwomba shangazi yake amtafutie mtu mwingine.