Chandarua cha Safari

Mume wangu Thobias alipoanza habari za kwenda kuona wanyama, nilidhani ni wazimu wa siku mbili tatu, utapita. Haukupita. Mwaka ule kiwanda chao kilikuwa kimeuzwa, meneja mpya akaja na familia yake kutoka Afrika Kusini, na kitu cha kwanza wafanyakazi walichofaidi kwa ujio huo ni magazeti aliyokuwa akiyatupa mke wa meneja. Thobias akaokota moja lenye picha za simba na watoto wa Kizungu waliovaa kofia pana, akalileta nyumbani Mwembesongo amelikumbatia kama kuku wa Pasaka.

"Mama Upendo, sikia hii," akaniambia hata kabla ya kuvua viatu. "Huko kwao wana mbuga zisizo na malaria! Wanazitangaza kabisa. Unakwenda na watoto, unalala, unaona tembo, unarudi mzima."

"Basi tutafutie ya hapa kwetu," nikamjibu. "Ukiipata, nafunga mizigo siku hiyo hiyo."

Nilisema vile ili aninyamazie. Nilikosea sana. Thobias ni fundi mitambo, na ukimwambia jambo haliwezekani, anakwenda kutafuta spana.

Sikuwa mkaidi bure. Tuna mtoto mmoja tu, Upendo, na wakati huo alikuwa na miaka tisa. Alipokuwa na minne malaria ilimpanda kichwani, nikambeba hadi hospitali amekakamaa, macho yamegeuka, mimi ninalia njia nzima. Nimezaliwa Mgeta, juu kabisa mlimani, tunakolima kabichi na njegere na kulala na blanketi mwaka mzima. Homa nimeijua nilipoolewa huku bondeni. Kwa hiyo Thobias aliposema rafiki yake Castory, dereva kule mbuga ya Mikumi, ametupatia chumba chake kwa likizo ya Juni, nilikataa papo hapo. Mikumi ni joto, ni bonde, ni mbu. Mtoto wangu simpeleki.

Hapo ndipo nyumba yangu ilipogeuka ofisi. Thobias aliazima ramani ya nchi kwa Mwalimu Athanas, akaitandika sebuleni, ikawa hatuna pa kukanyaga. Yeye na Upendo wakalala kifudifudi juu yake kila jioni, wakitafuta milima.

"Ngorongoro ni juu, baridi kama kwenu," akasema.

"Na kufika huko ni siku ngapi? Na tukifika tunalala kwa nani?"

Akarudi kwenye ramani. Kesho yake akaenda kumuuliza Bi Pili, jirani yetu, aliyewapikia wakimbizi wa Afrika Kusini pale Mazimbu mpaka waliporudi kwao. Bi Pili akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hao walivyoumwa hapa, baba! Kumi wanapona, kumi wanalala. Labda huko kwao mbu wana adabu, lakini wa hapa nawajua mimi."

Kaka yangu Benedikto naye akaleta ujumbe kutoka Mgeta. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana neno lake. Akasema hakuna kwenda Mikumi. Tumpeleke Upendo kwake, hakuna mbu, ataona mbega msituni. Thobias akanuna siku nzima, akilalamika kwamba mtoto amemzaa yeye na ruhusa anaitoa mtu mwingine. Upendo akalia. "Mbega siyo tembo," akasema. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka na ramani, nilichoka na kaka yangu, nilichoka na kuonekana mimi ndiye ninayemnyima mtoto raha.

Mwishoni mwa Mei Thobias akaja na mfuko wa nailoni. Masista wa misheni walikuwa wameanza kuuza vyandarua vilivyochovywa dawa ya kuua mbu, naye akapata kimoja, cha buluu, kipana, kimekunjwa vizuri na kinanukia dawa.

"Mbuga isiyo na malaria nimeikosa," akasema. "Lakini kitanda kisicho na malaria hiki hapa. Tunakwenda nacho Mikumi. Una neno?"

Sikuwa na neno. Hata Benedikto alipopelekewa habari aliguna tu, akakubali. Safari ikapangwa Jumamosi ya tatu ya Juni, na Castory angekuja kutuchukua kwa gari.

"Tukitundike basi," Thobias akasema jioni ile. "Mvua zimeisha juzi, mbu ni wengi."

"Hicho ni cha safari," nikamwambia. Nikakipandisha juu ya kabati, ndani ya mfuko wake, karibu na vikombe vya wageni. Nilishawaza tutakavyofika Mikumi kwa watu na chandarua kipya, cha kutazamika, wala siyo kile cha nyumbani kilichojaa matundu niliyoyafunga kwa uzi mweusi.

Upendo akanibembeleza. "Mama, hata siku moja tu. Nijaribu."

"Kitachafuka. Utalala ndani yake ukifika kwa tembo."

Kila alipopita karibu na kabati alinyanyua macho. Wiki tatu nzima nikafua, nikapiga pasi, nikamgombeza Thobias kwa kupiga miruzi, nikawasha dawa ya mbu ya kuchoma magharibi ilipoingia, na nikajiona mama mwangalifu kuliko wote Mwembesongo.

Alhamisi, siku mbili kabla ya safari, Upendo alirudi kutoka shuleni akakataa chakula. Asubuhi ya Ijumaa alikuwa wa moto, anatapika. Kufika saa sita aliniita kwa jina la mwalimu wake. Thobias akamweka mgongoni akakimbia naye mpaka barabarani, mimi nyuma yao na kanga moja.

Nesi aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima. Alimtundikia dripu, kisha akatuuliza huku akiandika.

"Mmesafiri naye wiki hizi?"

"Hapana," nikasema. "Tulikuwa tunajiandaa."

"Analala kwenye chandarua?"

"Ndiyo. Kina matundu kidogo."

"Hamna kingine?"

Thobias akatazama ukuta. Angeweza kusema. Ningependa angesema, anigombeze mbele ya wodi nzima, lakini alinyamaza, na jibu likabaki kuwa langu.

"Kipo," nikasema. "Kipo juu ya kabati."

Nesi akaliandika na hilo. Jumamosi Castory alifika na gari, akabisha hodi mpaka Bi Pili alipotoka kumwambia tuliko. Sisi tulikuwa tunahesabu matone ya dripu. Jumapili Upendo aliomba uji, nikatoka nje ya wodi nikalia kwa sauti.

Jumanne wakaturuhusu. Nilitangulia nyumbani, nikapanda juu ya kigoda, nikakishusha kile chandarua na kuuchana mfuko. Thobias alipofika na mtoto alimlaza kwenye kochi, akachukua nyundo akapigilia misumari minne. Tukamhamishia kitandani, nikachomeka chandarua chini ya godoro pande zote, akalala.

Alizinduka alasiri. Akatazama ile buluu juu yake, akaigusa kwa kidole.

"Mama, tumeshafika?"

"Hapana, mwanangu. Tupo nyumbani."

Akafikiri. Akavuta mkono wake haraka, akauficha ndani ya shuka.

"Sasa mbona umekitundika? Kitachafuka."

"Kichafuke," nikamwambia. "Kichafuke, mama yangu."