Magoti ya Msusi

Magoti ya msusi yalianza kulia kabla hajafikisha miaka arobaini. Akiinama kuokota kitana, wateja kwenye benchi walisikia kra, kra, kama mtu anatafuna barafu. Walicheka, naye alicheka nao, maana saluni isiyo na kicheko haina wateja.

Nyumbani kicheko kilikuwa cha mtu mmoja. Walikaa ghorofa ya tatu, na jioni mumewe alisimama juu ya ngazi, mikono mfukoni, akimtazama anavyojivuta kwa kushika chuma.

"Treni ya mizigo hiyo inaingia!" alisema, kwa sauti ya kusikika na majirani.

Mume huyo alikuwa karani wa mahakama. Mtaani walimwita Sheria, kwa sababu hata akinunua kiberiti alitaja kifungu. Hawakuwa na mtoto. Mama yake Sheria alilisema jambo hilo waziwazi kila alipokuja kuwatembelea: nyumba imekuwa kubwa, nyumba imekuwa kimya. Sheria mwenyewe hakusema neno. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake, na watu wakamhurumia.

Ndiyo maana alipotangaza kwamba anataka kuoa mke wa pili, binti wa fundi saa, msusi hakupiga kelele. Alijiona yeye ndiye mwenye kasoro. Alifika hata mahali pa kuahidi kumsuka bibi harusi kwa mikono yake.

Kilichompeleka hospitali ni maumivu tu. Asubuhi moja goti la kushoto lilimgomea katikati ya kazi, akaanguka juu ya beseni la kuoshea nywele. Daktari wa viungo, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alimpiga picha akamwonyesha: gegedu, ile nyama laini inayozuia mfupa usisagane na mfupa, ilikuwa imelika pande zote mbili.

"Umri wako na picha hii havilingani," daktari alisema. "Hedhi yako ikoje?"

Msusi aliona aibu kidogo. "Ilikoma zamani. Nilifanyiwa upasuaji wa kivimbe tumboni, nikiwa na thelathini na mbili. Baada ya hapo sikuiona tena."

"Na hukuuliza?"

"Niliuliza. Wifi yangu ni nesi, alikuwepo siku ile. Aliniambia mwili umeshtuka. Halafu mama yangu naye alikoma mapema, nikasema basi, ni damu yetu."

Daktari alimtoa damu, akampeleka chumba cha altrasaundi. Aliporudi kuchukua majibu, msusi alikuta mlango unafungwa kwanza ndipo maneno yaanze.

"Homoni za kike katika damu yako ziko chini kama za bibi wa miaka sabini. Tumeangalia ndani pia. Ovari zako, vile vifuko vya mayai ya uzazi, hazipo, mama. Zote mbili. Ziliondolewa."

Msusi aliangalia mikono yake. "Ndiko kulikoyaua magoti yangu?"

"Ningekuwa na uhakika ningekwambia. Tunajua homoni ya ovari, estrojeni, inasaidia kulinda mifupa na viungo. Wanawake wanaoikosa mapema, wengi wao tunawaona na matatizo kama yako. Lakini wataalamu bado wanabishana, na wewe umesimama kwa miguu hiyo kutwa nzima, miaka yote. Siwezi kukuapia."

"Na aliyeziondoa aliruhusiwa na nani?"

"Mimi sikuwepo," daktari alisema. "Waulize waliokuwepo."

Hakulia njiani. Machozi yalikuwa karibu, akayarudisha. Alikuwa na kazi nayo hasira, hakutaka ilowe.

Wifi alikuja saluni siku iliyotangulia safari ya kwenda kwa fundi saa. Alitaka asukwe vizuri, maana yeye ndiye angemsindikiza kaka yake kuposa. Msusi alimkalisha kitini, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza. Alimsuka nusu ya kichwa, mistari imenyooka kama ya daftari, huku wakiongea habari za bei ya viatu. Kisha akaweka kitana chini.

"Wifi, ovari zangu mlizizika wapi?"

Benchi zima liligeuza shingo. Wifi alimwangalia kupitia kioo.

"Nani kakwambia?"

"Damu yangu. Sasa niambie wewe."

Wifi alijaribu kuinuka. Mkono wa msusi ulikuwa begani kwake, haukumkandamiza, ulikaa tu. Akasema yote, kwa sauti ya chini. Siku ile daktari mpasuaji alitoka nje, akamwambia Sheria kwamba ovari moja imeharibika, nyingine ni nzima, ila huenda nayo ikaota kivimbe baadaye. Sheria akauliza, ikiota atarudishwa tena hapa? Akaambiwa labda. Akasema ondoeni zote, nimechoka na hospitali. Akaweka sahihi.

"Nilimwambia, kaka, huyu bado kijana. Akaniambia yeye ndiye mume, yeye ndiye sheria, na nikitoa siri tusijuane."

"Ukanidanganya mimi miaka yote hii. Nikatukanwa na mama yenu mbele yako, unakunywa chai."

"Ni kaka yangu, wifi. Ningefanya nini?"

"Na mimi nilikuwa nani?" Msusi alimfungua kitambaa. "Inuka."

"Na upande huu?" Wifi alishika nusu ya nywele zilizosimama timtim.

"Huo mwambie kaka yako akusainie."

Mteja mmoja aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mtandio.

Kesho yake mchana msusi alivaa nguo yake bora kuliko zote. Sheria alifurahi kumwona amependeza. Alitaka fundi saa aone kwamba mke mkubwa ameridhia. "Ukikaa ukatabasamu, inatosha," alimwambia. Wifi alikuja na kilemba kikubwa, macho yake hayatulii popote. Alikuwa hajamwambia kaka yake kitu. Woga wa kusema uliuzidi woga wa kunyamaza.

Sebule ya fundi saa ilikuwa na saa ukuta mzima, hakuna mbili zilizokubaliana. Binti alikaa karibu na baba yake. Sheria alisimama akafunga kifungo cha koti. Alieleza heshima yake, kazi yake, na uvumilivu wake. "Mwenzangu hakujaliwa kizazi," alisema. "Sikumfukuza. Nimemstahi. Lakini mwanamume anahitaji kuitwa baba."

Fundi saa, mzee mpole, alimgeukia msusi. "Nawe, mama, una neno? Kaa tu, usijisumbue kusimama."

Alisimama. Magoti yalilia, kila mtu akayasikia.

"Neno ninalo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwetu aliyeficha ni mwingine, na asiyezaa ni mimi. Kizazi changu kilifungwa kwa sahihi ya huyu bwana, nikiwa nimelazwa sijitambui. Ovari moja ilikuwa nzima. Akaamuru itolewe ili asije akasumbuka kunirudisha hospitali. Halafu akakaa kimya, akaacha niitwe mti mkavu. Na haya magoti mnayoyasikia, ameyaua yeye."

Alijua daktari hakuapa. Akaapa yeye, na wala hakumeza mate.

"Uongo!" Sheria alisema. "Ulikuwa ushauri wa daktari! Kisheria mume ana—"

"Nesi yupo hapa," msusi alimkata. "Muulizeni."

Fundi saa alimwangalia wifi. "Ni kweli, mwanangu?"

Wifi alishika kilemba chake kwa mikono miwili. "Ni kweli, mzee."

Binti akainuka. "Baba, mimi siolewi. Siku nikilazwa, huyu atasaini nini?"

Fundi saa alikwenda kufungua mlango, akaushikilia wazi bila hasira, mpaka Sheria akaelewa.

Habari ilifika mahakamani kabla yake. Makarani wenzake walianza kumwuliza, kila anapopeleka karatasi, kama aliyelala usingizi amekubali. Msusi alihamia chumba cha nyuma ya saluni, akadai talaka, na alipomwona Sheria amesimama mlangoni amekonda, akiomba wazungumze, alihisi utamu ambao hakuutegemea. Alimwacha asimame. Alimaliza wateja wote, akafagia, akazima taa, akafunga.

Magoti hayakupona. Daktari alimpa mazoezi na dawa, akamwambia gegedu iliyokwisha hairudi.

Mama mkwe alikuja peke yake asubuhi moja, akakaa kwenye benchi na kulia kama mtoto. "Nilikutukana kwa kosa la mwanangu. Nisamehe."

Msusi alimletea maji. Alimtazama mpaka akayamaliza.

"Wewe nimekusamehe, mama. Hukujua."

"Na yeye?"

"Yeye hapana," alisema msusi, na akamwita mteja aliyefuata kitini.